Nani Anasafishiwa Njia Kwanza? Somo la Theluji, Baiskeli na Bajeti

(Hii ni mada niliyowasilisha kwenye darasa la vijana la mtandaoni Jumamosi iliyopita. Wengi mliomba maandishi, hasa mliokatikiwa na bando katikati. Nimeiacha karibu kama nilivyoizungumza, nimepunguza marudio tu.)



Nimepewa mada inayoitwa Huduma za Umma na Uwajibikaji wa Halmashauri. Kaka yetu mwenezi aliponiuliza nitatumia mfano gani, nikamwambia theluji. Theluji kwenye njia za baiskeli. Akacheka mpaka akakohoa. "Dada, Temeke kuna theluji?" Haipo, na ndiyo sababu nimeichagua. Tukianza na barabara ya mtaani kwenu, kila mtu hapa ana hasira zake na diwani wake, na dakika kumi hazitaisha kabla hatujaanza kugombana. Tukianza na theluji ya watu wengine, ambayo hapa kwetu haina chama, tutaliona jambo lenyewe bila vumbi. Halafu mwishoni tutarudi nyumbani, msiwe na wasiwasi.

Swali langu la leo ni moja. Serikali ya mji ina mashine chache, asubuhi ni fupi, watu wote wanataka kutoka. Nani anasafishiwa njia kwanza? Na nani aliamua hivyo, lini, kwa maandishi gani?

1. Tuielewe hali yenyewe

Nilisoma muhula mmoja Stockholm, Sweden, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, kuanzia Januari. Nauli ya mwezi iliniuma, nikanunua baiskeli ya mtumba. Kwa hiyo haya ya mwanzo nayasema kwa magoti yangu mwenyewe.

Wengi wetu tunadhani tatizo la kuendesha baiskeli kwenye nchi zile ni baridi. Baridi dawa yake ni nguo. Ukishakanyaga pedali dakika kumi unatoka jasho kama uko Kariakoo. Tatizo liko chini, kwenye tairi.

Theluji siyo kitu kimoja. Ile mpya, kavu, ya sentimita mbili tatu, unapita bila shida. Iliyoshindiliwa vizuri kwenye baridi kali nayo ni nzuri, inakuwa kama barabara ya udongo iliyopigwa shindilia. Balaa inaanza pale joto linapocheza karibu na nyuzi sifuri. Mchana theluji inalainika kama uji. Watu wanapita, magari yanapita, yanachora mifereji. Usiku inaganda. Asubuhi unakuta mifereji midogo migumu kama saruji, na gurudumu la mbele likishaingia humo linakwenda linakotaka lenyewe. Kuna na ile barafu nyembamba kabisa ambayo huioni, lami inaonekana imelowa tu, kumbe ni kioo.

Halafu kuna tuta. Hili naomba mlikumbuke, maana ndo kiini cha mada. Trekta lenye koleo la mbele linapita barabara ya magari na kusukuma theluji pembeni. Pembeni ni wapi? Pembeni ndiko iliko njia ya baiskeli na ya waenda kwa miguu. Asubuhi moja nilikuta tuta la kufika kiunoni limeziba njia yote ya baiskeli, na barabara ya magari pembeni yake nyeusi, safi, inang'aa. Nikashuka, nikabeba baiskeli begani kama mkungu wa ndizi. Mbele yangu alikuwepo mama mwenye kigari cha mtoto. Yeye hakuwa na bega la kubebea. Akageuka, akaingia barabarani katikati ya magari.

Sasa jamani, theluji ilianguka sawasawa kila mahali. Mbinguni hakuna upendeleo. Upendeleo ulianza pale mashine ilipowashwa.

Mwendeshaji naye ana mzigo wake. Zipo tairi zenye vijisumari vya chuma zinazouma barafu, watu wananunua. Cheni inapakwa mafuta mara kwa mara maana chumvi inaila. Friwili ikiingia maji na kuganda, pedali zinazunguka bure kama feni. Kufuli linaganda. Hayo mtu binafsi anayamudu. Ila hakuna tairi duniani linaloondoa tuta. Hilo ni la serikali ya mji.

2. Mji unaoitwa Oulu

Kaskazini mwa Finland kuna mji unaitwa Oulu, una watu zaidi ya 200,000. Uko karibu na nyuzi 65 kaskazini. Desemba wanapata saa chache sana za mwanga, na theluji inakaa chini kwa miezi kama mitano. Ukiambiwa utafute mahali ambapo hakuna mtu angethubutu kupanda baiskeli Januari, ungeutaja mji huo.

Kumbe ni kinyume. Oulu ina zaidi ya kilomita 900 za njia za baiskeli na waenda kwa miguu. Gawanya kwa idadi ya watu, kila mkazi ana zaidi ya mita nne zake. Watoto wanakwenda shule kwa baiskeli katikati ya baridi, na uwanja wa shule umejaa baiskeli zilizofunikwa theluji. Mwaka 2013 mkutano wa kwanza wa kimataifa wa baiskeli za majira ya baridi ulifanyika hapo, kisha ukaenda Winnipeg 2014, Minneapolis 2016 na Montreal 2017. Yaani wakubwa wa miji ya Amerika Kaskazini walikwenda kujifunza kwa mji mdogo wa pembezoni.

Siri yao ni nini? Hawakupewa watu wenye damu ya moto. Toronto, mji mkubwa kabisa wa Canada, Januari yake haina baridi kama ya Oulu, lakini baiskeli wakati huo ni chache kwa kulinganisha. Siri ni kwamba Oulu waliziandika njia za baiskeli kwenye mpango wa usafishaji kama miundombinu halisi. Mkandarasi anajua theluji ikifika kina fulani lazima atoke, na njia kuu zinatakiwa ziwe tayari kabla watu hawajatoka kwenda kazini na shuleni. Hawaikwangui mpaka lami. Wanaishindilia na kuilainisha juu, kwa sababu baridi yao ni kali na theluji iliyoshindiliwa haiyeyuki kila mchana. Pia njia nyingi zimetenganishwa na barabara ya magari kwa ukanda wa kutosha, kwa hiyo lile tuta lina mahali pa kukaa bila kumkera mtu.

Mnaona? Hata mahali pa kuweka tuta palipangwa. Aliyechora barabara alifikiria Januari wakati yuko ofisini mwezi wa Julai.

3. Kila mji na dawa yake

Kabla hamjasema "basi tufanye kama Oulu", nawaambia Stockholm hawawezi kufanya hivyo. Stockholm iko kusini zaidi, joto linapanda na kushuka kwenye sifuri, theluji iliyoshindiliwa ingegeuka kuwa ile mifereji ya saruji kila wiki. Kwa hiyo kwenye njia kuu za baiskeli wanatumia njia nyingine. Mashine ina fagio kubwa la kuzunguka mbele na tangi la maji ya chumvi nyuma. Fagio linatoa karibu theluji yote, chumvi inamalizia ule utando uliobaki. Lami inabaki tupu. Ubora wake ni kwamba chumvi inayotumika ni kidogo, maana fagio limeshafanya kazi kubwa. Udhaifu wake ni kwamba baridi ikishuka sana, kuelekea nyuzi kumi chini ya sifuri na zaidi, chumvi inapoteza nguvu. Na mashine inabidi irudi mara nyingi, siyo kupita mara moja na kwenda kulala.

Kwingine wanamwaga kokoto ndogo ili kuongeza msuguano. Inasaidia, lakini theluji ikiyeyuka kokoto zinabaki juu ya lami tupu, na hapo zenyewe zinakuwa mtego wa kuteleza na kutoboa tairi mpaka zifagiliwe.

Kwa nini nawachosha na haya? Kwa sababu sisi vijana wa siasa tuna ugonjwa wa kunakili. Tunaona picha nzuri ya nchi fulani, kesho tunaiweka kwenye ilani. Oulu na Stockholm ni majirani, wote wana theluji, wote wana hela, na bado dawa ni tofauti. Walichofanana ni kitu kimoja: kila mmoja alikaa akasoma hali ya hewa yake, akaandika kiwango, akanunua mashine inayoendana na kiwango hicho.

4. Orodha ya nani kwanza

Hapa ndipo siasa inapoingia kwa miguu miwili.

Sweden kuna mji mdogo unaitwa Karlskoga. Karibu na mwaka 2011 viongozi wa mji walikuwa wanapitia kazi zote za halmashauri kwa jicho la usawa wa jinsia. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja akatania: angalau kwenye kusafisha theluji hawa watu wa jinsia hawatakuwa na la kusema. Wakaona ngoja tuangalie. Wakaangalia.

Utaratibu wao ulikuwa ule wa kawaida duniani kote. Kwanza barabara kuu za magari. Kisha barabara ndogo. Mwisho kabisa, njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Hakuna aliyekaa akasema tuwakomoe wanawake. Lakini nani yuko kwenye gari asubuhi, na nani anatembea? Takwimu za usafiri zilionyesha wanaume wengi zaidi wanaendesha, na wanawake wengi zaidi wanatembea, wanapanda basi, wanampitisha mtoto chekechea, wanapita dukani, ndipo waende kazini. Kwa hiyo ratiba ile, bila kumtaja mtu, ilikuwa imeamua nani asubiri.

Na kuna jambo la kiufundi. Gari linapita kwenye sentimita nane za theluji bila shida kubwa. Kigari cha mtoto, kiti cha magurudumu au baiskeli, sentimita hizo hizo ni ukuta. Tafiti za hospitali za Sweden zimeonyesha kwamba wanaoumia kwa utelezi ni waenda kwa miguu zaidi kuliko wenye magari, na kati yao wanawake ni wengi. Basi Karlskoga wakageuza orodha: kwanza njia za miguu na baiskeli, maeneo ya chekechea, vituo vya basi. Barabara kuu baadaye. Mashine ni zile zile. Mpangilio ndio uliobadilika.

Hapa ongezeni akili ya bajeti. Sweden, barabara za mji ni za manispaa. Hospitali ni za serikali ya mkoa. Bibi akivunjika nyonga kwenye barafu, gharama inakwenda mkoani. Chumvi ikinunuliwa, gharama inatoka manispaa. Kwa hiyo manispaa inayobana matumizi ya theluji inaonekana hodari kwenye hesabu zake, kumbe imehamishia deni mfuko wa mwenzake, na maumivu kwa bibi. Ukisoma kitabu kimoja cha bajeti peke yake hulioni hilo. Lazima usome viwili kwa pamoja. Makamanda wa kamati ya fedha, hilo ni lenu.

Sasa sehemu ambayo watu wetu huwa hawapendi kuisikia. Stockholm nao waliichukua sera hii, wakati mji ukiongozwa na muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto na chama cha kijani. Ikaja tarehe 9 Novemba 2016. Theluji ikaanguka kuliko siku yoyote ya Novemba kwa zaidi ya miaka 100. Mabasi yakasimama. Magari yakakwama. Na njia za miguu na baiskeli, zile zilizoahidiwa kuwa za kwanza, nazo zikabaki zimezikwa. Wapinzani wa sera wakapata sherehe. Kichekesho cha "theluji ya usawa wa jinsia" kikazunguka magazetini, kikavuka mipaka mpaka kwa watu wasiojua Stockholm iko wapi.

Je, sera ilikuwa mbaya? Jiulizeni hivi: kama orodha mpya ndiyo ingekuwa chanzo, basi angalau njia za baiskeli zingekuwa safi siku hiyo na barabara kuu ndizo zingekuwa zimezama. Hazikuwa safi. Theluji ilikuja mapema mno na nyingi mno, na uwezo wa kuiondoa ulizidiwa kila mahali. Lakini mwananchi aliyekwama kituoni saa tatu hana muda wa uchambuzi huo. Yeye anakumbuka uliahidi, na anaona miguu yake imelowa.

Somo langu kwenu ni hili, na naomba mliandike: ahadi nzuri isiyo na mashine, isiyo na mkataba wa mkandarasi ulioandikwa vizuri, ni zawadi kwa mpinzani wako. Sisi leo ndio tunaopinga, tunafurahia kukosea kwa waliopo. Siku wananchi wakitupa halmashauri, theluji yetu ya kwanza itakuja kabla hatujamaliza kuapishwa. Mvua za masika hazisubiri semina elekezi.

5. Sheria inasemaje

Mimi ni mwanafunzi wa sheria, nikimaliza bila kutaja kifungu mwalimu wangu atanikana.

Finland wana sheria ya mwaka 1978 kuhusu matunzo na usafi wa barabara za miji. Inagawa kazi waziwazi. Mwenye kiwanja anaondoa theluji na kuzuia utelezi kwenye njia ya miguu inayopakana na kiwanja chake. Manispaa inabeba sehemu nyingine za barabara, njia za baiskeli zikiwemo. Mtu akianguka, swali la kwanza la wakili ni "umeangukia upande gani?" Ukipenda usipende mgawanyo huo, angalau unajua mlango wa kugonga.

Jimbo la Ontario, Canada, wana kanuni inayoitwa 239/02. Humo kiwango kimeandikwa kwa namba. Kwa njia za miguu, theluji ikifika sentimita 8, manispaa inapewa saa 48 kuipunguza. Mwaka 2018 kanuni ilirekebishwa, njia za baiskeli nazo zikapata jedwali lao la kina na muda, kufuatana na daraja la barabara. Msishangilie haraka. Kiwango hicho ni ngao pia. Manispaa ikithibitisha ilikifikia, ina utetezi mahakamani. Kwa ajali ya theluji au barafu kwenye njia ya miguu, mlalamikaji lazima aonyeshe uzembe mkubwa, siyo uzembe wa kawaida. Na anatakiwa kutoa taarifa ya maandishi ndani ya siku 10 tangu aumie. Siku 10! Mtu yuko wodini na hogo la plasta, kalenda inakimbia.

Kesi ninayoipenda zaidi imetoka Mahakama Kuu ya Juu ya Canada, Oktoba 2021, inahusu mji wa Nelson, British Columbia. Januari 2015 theluji ilianguka. Mji ukasafisha maegesho ya magari katikati ya mji, ukasukuma theluji yote mpaka ukingo wa njia ya miguu. Lile tuta letu! Hawakuacha hata upenyo wa kupita. Mwanamke mmoja akaegesha gari mahali palipokuwa tayari pamesafishwa, akataka kwenda dukani, njia ni juu ya tuta. Akapanda, mguu ukazama, akaumia vibaya.

Mji ukajitetea: namna ya kuondoa theluji ni uamuzi wa kisera, tuna bajeti ndogo, mahakama isituingilie. Jaji wa kwanza akakubali. Mahakama ya Rufaa ikakataa. Mahakama ya juu kabisa, kwa kauli moja ya majaji, ikasema mji ulikuwa na wajibu wa uangalifu kwa mwanamke yule, na kesi isikilizwe upya.

Hoja ya majaji ndiyo tamu. Walisema sera halisi ya serikali inalindwa, maana ni kazi ya waliochaguliwa kupima mambo ya jumla. Lakini neno "sera" halitoshi, na kutaja bajeti peke yake hakutoshi. Unaangalia mambo manne: aliyeamua alikuwa wa ngazi gani, uamuzi ulifikiwa kwa mchakato gani, bajeti iliguswa kwa kiasi gani na kwa namna gani, na uamuzi ulitegemea vigezo vya wazi kiasi gani. Nelson hakuna baraza lililowahi kukaa na kuamua kwamba matuta yazibe njia za watu. Ilikuwa ni mazoea tu ya kazini. Na mazoea, wenzangu, hayavai joho la sera.

Fikirieni mara ngapi mmejibiwa ofisini "huo ndio utaratibu". Kuanzia leo ulizeni: utaratibu uliamuliwa na kikao gani?

6. Turudi nyumbani

Nilimwahidi kaka mwenezi nitarudi Temeke.

Sisi hatuna theluji. Tuna tope, tuna maji ya mvua, tuna mchanga unaosombwa na kumwagwa juu ya njia ya miguu, tuna taka zilizotolewa kwenye mtaro na kuachwa ukingoni wiki mbili mpaka mvua izirudishe mtaroni. Hilo ni tuta la Nelson, limebadilika rangi tu. Barabara ya Morogoro, mradi wa mabasi yaendayo haraka ulioanza kutoa huduma Mei 2016 ulijengwa na njia za miguu na baiskeli pembeni. Zimejengwa kwa hela zetu. Pita leo uone: hapa gari limeegeshwa, pale pikipiki zinapita kukwepa foleni, mbele mchanga umekaa tangu masika. Kujenga kulikuwa na bajeti na utepe wa kukata. Kufagia hakuna utepe.

Kisheria nasi tuna pa kushika. Mahakama zetu zinatumia misingi ya sheria ya kawaida iliyorithiwa kwa Waingereza, kwa hiyo hukumu kama ya Nelson haitufungi lakini wakili anaweza kuiweka mezani ishawishi. Vikwazo pia tunavyo. Kuishtaki serikali unatakiwa utoe notisi ya siku 90 kwanza, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 hilo linagusa na serikali za mitaa. Na barabara nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Diwani uliyempigia kura unamlalamikia, anakwambia barabara siyo yake. Finland ungejua umeangukia upande wa nani. Hapa unaanguka, halafu unaanza kutafuta mwenye barabara.

Najua mtu atasema, dada, watu wana njaa, wewe unaongelea baiskeli. Namjibu kwa heshima. Nani anapanda baiskeli Dar? Muuza samaki anayetoka Feri na tenga nyuma. Muuza maji. Fundi anayekwenda saiti. Mlinzi anayetoka lindo. Na nani anatembea? Mwanafunzi ambaye daladala limemkataa. Mama anayekwenda kliniki. Hao ndio wenye njaa unaowasema, na njia chafu inawala muda, viungo na mtaji.

Kwa hiyo kazi ya kuondoka nayo ni tatu, ndogo ndogo.

Moja. Kila tawi lichague njia moja ya miguu au baiskeli kwenye kata yake. Muipite asubuhi moja kabla ya mvua na asubuhi moja baada ya mvua. Pigeni picha, andikeni tarehe, saa, na urefu wa kipande kilichoziba. Lalamiko bila kipimo ni kelele tu.

Mbili. Andikeni barua kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Ombeni orodha ya kipaumbele ya matengenezo, na mkataba wa usafi unaosema mkandarasi atoke lini na afike wapi. Ofisi ina siku 30 kujibu. Wakijibu, tunasoma. Wasipojibu, hilo nalo ni jibu, tunalitunza. Barua iwe ya adabu, bila matusi, yenye nakala.

Tatu, na hii ni kwetu wenyewe. Kabla hatujaandika "tutaboresha miundombinu" kwenye ilani ya kata, tuandike orodha: asubuhi baada ya mvua kubwa, katika kata hii, kinafagiwa nini cha kwanza, cha pili, cha tatu, kwa mashine gani au vibarua wangapi, na nani anasaini kwamba kimefagiwa. Tukishindwa kuandika ukurasa huo mmoja, tusiwalaumu wanaoshindwa kufagia.

Mwenyekiti, nimemaliza. Niko tayari kwa maswali, na kaka mwenezi naomba asiwe wa kwanza, ameshacheka vya kutosha.